Eksirei ya Gati

Kijiwe chetu huku Maparoni kipo pale gati linapoanzia, kwenye kibanda cha makuti cha Sadala muuza kahawa, na benchi lake hulikosi, limepakwa kijani na njano za timu yao, rangi nzito kama uji. Wenyewe wawili hawakosekani: Mzee Kondo, anaitwa Injinia kwa sababu aliwahi kubeba kokoto daraja la mtoni lilipokuwa likijengwa, na Mzee Gharibu, anaitwa Redio kwa sababu hazimiki. Mimi si mwanakijiwe. Asubuhi ile nilikaa pembeni juu ya gunia la mpunga, mwanangu Sabra mgongoni, anakohoa, kifua kinalia kama paka, natakiwa nimvushe ng'ambo kwa daktari, boti ya Amri ipo kule mwisho wa gati inasubiri, maji yakianza kupwa inaondoka, na mimi nilishakwenda, nikafika katikati, nikalikuta lile pengo, mbao hazipo, upana wa mbuzi aliyelala, chini maji meusi, nikarudi. Basi nimekaa nasubiri ujasiri. Na kule juu ya gati kulikuwa na kijana wa Dar, Ismaily, amelala kifudifudi anapiga picha misumari.

Redio: Yule kijana ana akili timamu? Gati bovu hivi, hata mbuzi hupita kwa kusomewa dua, yeye analipiga picha!

Injinia: Na picha zenyewe nimechungulia. Nyeusi na nyeupe tupu.

Redio: Rangi imemwishia. Kama bando.

Injinia: Wewe hujui kitu. Ile ni eksirei. Nilipoteguka goti nilipigwa, ikaja nyeusi na nyeupe vilevile. Analichunguza gati wapi limevunjika.

— Si limevunjika katikati, Mzee Kondo? nikasema. Mbona hata mimi naliona kwa macho?

Injinia: Mwanangu, macho ni macho. Eksirei ni utaalamu. Ila asizidishe. Bandu bandu huisha gogo. Akilipiga picha kila siku litaisha.

Redio: Hapo umenena.

Mimi woga ukinishika mdomo haukai, nikauliza, kwani zile mbao za katikati zilikwenda wapi, mbona mwaka jana nikiwa na mimba ya huyu nilipita hapohapo na ndoo kichwani? Kikombe cha Redio kikasimama njiani kabla hakijafika mdomoni. Injinia akakohoa kumshinda Sabra.

Injinia: Chumvi. Maji ya chumvi hula mbao.

— Mbona za pembeni hazijaliwa?

Injinia: Chumvi hupenda za kati. Kama wewe na mkate.

Redio: Chumvi gani! Kiboko yule. Nilimsikia kwa masikio yangu anatafuna.

Sadala: Kiboko gani anatafuna mbao anaacha nguzo?

Redio: Mstaarabu.

Injinia: Tuseme ukweli, jamani. Ni majini ya kwenye mikoko. Walikuwa na harusi, wakahitaji kitanda.

Redio: Kweli kabisa! Na nyundo niliisikia.

Sadala: Ulisikia kutafuna au ulisikia nyundo?

Redio: Alitafuna, halafu akapigilia. Niongezee kahawa, acha kunihoji kama polisi.

Kule boti ikapiga honi. Nikasimama, nikakaa. Ismaily akaja mbio juu ya gati, kwenye pengo akaruka, moyo wangu ukaruka naye, akafika kijiweni anahema, kamera inaning'inia shingoni.

Ismaily: Shikamooni wazee. Gati lenu kali kinoma!

Injinia: Marahaba. Kali kwa lipi, na limeshazeeka?

Ismaily: Ndiyo utamu wake, mzee wangu.

Redio: Sasa mbona hutii rangi? Bahari ina rangi, mbingu ina rangi, sisi wenyewe tuna rangi.

Ismaily: Rangi inavuta macho upande. Ukiitoa unauona mti wenyewe. Mishipa yake, matundu, kutu. Mti hauwezi kukuficha kitu.

Injinia akajisogeza kidogo pale kwenye benchi, kama aliyekalia siafu.

Redio: Mimi nawaambieni, hiyo si heri. Nyumbani kwangu ukutani picha isiyo na rangi ipo moja tu, ya babu. Na babu yuko wapi? Kaburini! Picha ya hivyo ni ya marehemu.

Jamani. Kijana yule alikuwa ameshanipiga picha, pale nilipokwenda nikarudi, nimesimama pengoni na Sabra mgongoni. Nikamrukia, nikamwambia futa, ifute sasa hivi, mtoto anaumwa halafu wewe unamtoa rangi, futa! Akashika kidude cha kufutia, nikapiga kelele, usifute! Ukifuta si ndiyo umetufuta? Akabaki kidole juu, hajui afanye nini, na mimi sijui, na Sabra anacheka na ule mkanda wa kamera.

Ismaily: Basi dada, tulia. Nawapiga na wazee hivyohivyo, tuone nani atatangulia.

Redio: Wewe!

Lakini kofia aliiweka sawa. Injinia akaingiza tumbo. Wakapigwa, wameketi, na benchi lote linaonekana.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja kutoka kwenye boti, Bi Shamsia wa Chumbi, mzigo wa mikeka kichwani, hatujawahi kumwona. Pengo alikuwa ameliruka, gauni likafunguka kama mwavuli, mikeka haikutikisika.

Bi Shamsia: Hamjambo? Mnatazama nini?

Ismaily akamwonyesha. Hii gati, bibi. Akavuta ya pili. Hii wazee kijiweni. Bi Shamsia akaisogeza ile kamera mbali na macho, akairudisha karibu. Akarudi kwenye picha ya gati. Akaja tena kwenye ya benchi.

Bi Shamsia: Samahani, mimi mgeni, naomba kuuliza. Gati hili na benchi hili ni mbao moja?

Injinia akatandaza viganja juu ya benchi.

Bi Shamsia: Mbona matundu ya misumari yanalingana? Mawili hapa, mawili hapa, na huu ufa wa gati umekuja kumalizikia huku chini ya makalio ya huyu bwana.

Nikachungulia. Kijani haipo, njano haipo, rangi yote ya timu imetoka, imebaki mbao kongwe ya mkomafi, mti wa mikokoni, na mishipa yake, ndugu wa damu wa zile za gati, hata mtoto angezijua. Nikamtazama Redio. Redio, mtu asiyezimika, alikuwa amezimika.

Injinia: Sadala, mimina kahawa.

Sadala: Imekwisha.

Injinia: Imekwishaje?

Sadala: Bandu bandu.

Honi ikapiga ya pili. Ndefu. Mimi sijui sauti ile niliitoa wapi, mimi ninayeogopa hata kuku wa jirani, nikasema, inukeni. Wazee wazima, watu wa kuamkiwa shikamoo. Wakainuka. Nikashika ncha moja ya benchi, Sabra mgongoni, nikasema Mzee Kondo shika huko, Mzee Gharibu shika hapa, twende, twende, maji yanapwa!

Redio: Kwani sisi tulikataa? Tuliazima tu.

Bi Shamsia: Mkaazima na kupaka rangi!

Tukalifikisha pengoni, Ismaily naye anabeba, tukaligeuza miguu juu kama mbuzi wa sikukuu, likaenea ng'ambo na ng'ambo. Na chini halikuwa limepakwa. Likalala pale kijivu na gati kijivu, ungedhani halijawahi kuondoka. Injinia akapiga magoti upande mmoja akalikandamiza kwa mikono miwili, Redio upande wa pili, na mimi nikashika ile miguu ya benchi mmoja baada ya mwingine, bismillahi, bismillahi, sikutazama chini, mbao ikalia, Sabra akakohoa, nikapita.

Injinia: Mnaona? Kazi ya injinia hiyo!

Amri akanivuta ndani ya boti, injini ikaunguruma. Nilipogeuka, wazee wale wawili walikuwa wamesimama pale gatini, mikono mitupu, hawana pa kukaa. Redio akaweka viganja mdomoni.

Redio: Mama Sabraaa! Ukishavuka tunalichukua benchi letuuu!

Nami nikapaza sauti.

— Na nikirudi na mtoto nitapita wapiii?

Wakatazamana. Boti ikaanza kukata kona ya mikoko. Kabla hawajapotea machoni nilimwona Injinia, akakaa. Palepale, juu ya benchi, miguu yake ikining'inia pengoni.