Pale Alipokuwa Anacheka

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na rundo la matofali. Upande wa matofali, usioyumba, ni wa Solo, kwa heshima ya miaka thelathini aliyopiga gitaa kwenye bendi. Asubuhi hiyo redio ilitoa wimbo wao mkubwa wa zamani, ule waliourekodi upya juzijuzi. Watu wakatulia, vikombe vya kahawa mkononi. Ulipoisha, Solo alitamani sana mtu amwambie "mmetisha". Mwishowe kinyozi, waliyemwita Wembe, akakohoa.

Wembe: Solo, huu wimbo mmeusugua mpaka ngozi imetoka.

Fundi Redio: Ni uzee tu. Bendi ikikosa jipya, inarudia la zamani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Wembe: Sasa kibaba kimeingiaje hapo?

Fundi Redio: Kimeingia tu, wewe kunywa kahawa.

Solo: Sikilizeni, jamani. Wimbo tuliutunga sisi, ni wetu. Lakini ule mkanda, zile sauti zenyewe zilizonaswa, ni mali ya mwenye studio. Tulisaini ujanani, karatasi hata hatukuisoma, tulikuwa na haraka ya kujisikia redioni. Ndiyo tukasema tupige upya, tuwe na mkanda wetu.

Shangazi, muuza kahawa, alisimamisha birika hewani.

Shangazi: Na lile gitaa la mwanzo wa wimbo mmelipeleka wapi?

Solo: Tuliambiwa tusiuigize mkanda wa mwenye studio. Tukaogopa, tukabadilisha hata pasipokuwa na haja.

Wembe: Mimi nasikia hata mwangwi wa chumba chake una hakimiliki. Lazima mlirekodi madirisha wazi, utoke nje.

Fundi Redio: Mwangwi kitu gani? Kikohozi! Ukikohoa studio kwake, kikohozi chake. Ukija kukohoa hivyohivyo nyumbani, umeiba. Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi: Ala! Mimi nilijifungulia hospitali ya watu. Kwa hiyo wale wanangu ni wa daktari?

Benchi zima likaangua kicheko. Solo alicheka nao, ila kicheko hakikupita meno. Kwenye mkanda wa zamani, ubeti wa pili, yeye ndiye aliyekosea waya, na mwimbaji wao, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akashindwa kujizuia: akacheka, kisha akaendelea kuimba. Waliuacha hivyo hivyo. Sasa rafiki yuko kaburini, na kijana aliyeimba huu mpya hakuwa na cha kumchekesha. Tena ni Solo aliyezunguka redio zote na barua ya bendi, akiomba mkanda wa zamani usipigwe tena, upigwe huu mpya tu. Alijisifu kwa hilo papa hapa.

Mara akaja mwanamke mwenye futi ya ushonaji shingoni. Alikuwa binti wa yule mwimbaji.

— Shikamoo, baba mdogo.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.

— Sikai, nimeacha kazi kwenye cherehani. Wiki ya tatu hii nashona redio ikiwa wazi, nasikia huu mpya tu. Ule wenye kicheko cha baba wanaupiga redio gani siku hizi? Nyumbani hatuna sauti yake nyingine.

Wembe akaanza kufuta kiti kilichokuwa kisafi. Fundi Redio akainama, akatafuta kitu chini ya benchi. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Solo, yakatoka matone mawili. Wote walikuwa wamesikia habari ya barua.

— Nitakuulizia, mwanangu.

— Nitashukuru, baba mdogo.

Akaondoka akiuimba wimbo polepole, ule wa zamani. Alipofika ubeti wa pili, pale pale, akanyamaza kidogo kumwachia baba yake nafasi, kisha akaendelea.