Nilisema Nzuri, Bima Wakaandika

Haya jamani, mwenyekiti kanipa dakika tano. Dakika tano mimi nazimaliza kwenye kukohoa tu, lakini nitajitahidi. Mkiona nimezidisha chumvi, shushieni na soda.

Mnajua nasafisha maofisi kule Eden Prairie, kwa matajiri, kule ambako hata mbwa nadhani wana leseni ya gari. Siku hiyo nikapiga deki korido nzima. Ndugu zangu, nawaambia, ile sakafu iling'aa mpaka nikaona vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu! Nikarudi nyuma kidogo niisifie. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu sikuipata. Niliteleza! Nikapita mlango wa mhasibu, nikapita choo, nikapita mashine ya kahawa, ningekuwa na pasipoti ningetokea Kanada. Bega likatangulia kufika ukutani, mimi nikafuata.

Mnacheka. Mimi nililia, ila kimya kimya, maana niliona aibu. Maji nimemwaga mwenyewe, kibao cha njano cha kuonya watu nimekiweka mwenyewe. Nimshitaki nani, ndoo? Nikanyamaza. Siku tatu napiga deki kwa mkono wa kushoto, na kuvaa gauni ni kazi ya watu wanne, na nyumbani tuko wawili.

Siku ya nne akaja dada mmoja wa humu humu kikundini. Simtaji, ataniua, ila miwani yake mnaiona. Nikampa chai kwa kushoto. Akaitazama kama nimempa sumu.

"We mama, adabu zimeenda wapi?"

"Zimebaki mkono wa kulia, dada. Haunyanyuki."

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Bosi umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeangushwa na usafi wangu?"

"We vipi wewe! Bima ya kazini haiulizi nani kamwaga maji. Umeumia kazini, basi. Ndiyo sheria ya jimbo hili. Wanakutibia, na ukishindwa kazi wanakulipa sehemu ya mshahara. Na bosi haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umedai. Kesho unasema, la sivyo naenda mimi nasema ni bega langu!"

Nikasema. Bosi akajaza fomu, wala hakuning'ata. Daktari akapiga picha, akaona mshipa wa bega umechanika. Akaniambia kufanya kazi marufuku, na bila kupasuliwa mkono utabaki unaning'inia hivyo hivyo. Jamani, mimi na darasa la nne langu, kazi yangu ni mkono. Ukiuchukua huo umenichukua mzima.

Malipo yakaanza, tukawa tunasubiri siku ya kupasuliwa. Sasa mama mmoja wa kampuni ya bima akawa ananipigia simu, kumbe anarekodi.

"Hau ayu?"

"Veri gudi, senki yu! Namshukuru Mungu! Na wewe? Watoto? Mama yako mzima?"

Nimelelewa vizuri mimi! Nikawa nangoja tumalize salamu, ndiyo nimwambie usiku silali, nywele nachanwa na mume wangu, natoka kama kuku aliyenyeshewa. Lakini wenzetu wa huku wakishauliza hilo moja wameshamaliza. "Oke, bai!" Simu imekatwa. Mara ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu nilimsalimia mpaka na paka wake.

Ikaja barua. Nikampelekea dada wa miwani. Akasoma, akavua miwani, akavaa tena.

"Mama, umewaambia umepona?"

"Mimi?"

"Wameandika hapa. Mara tatu umesema uko vizuri sana. Wanakata malipo, na kupasuliwa hawalipii."

Dada yule hakunipa hata nafasi ya kulia. Siku hiyo hiyo akanipeleka kwa wakili, tukaomba kusikilizwa na jaji kabla siku za kupinga hazijapita.

Tukaenda Saint Paul, kwenye mahakama ya madai hayo. Chumba baridi mpaka meno yangu yalikuwa yanapiga ngoma. Mkalimani wangu mama wa Kikenya. Wakili wa bima ana karatasi zimejaa "nzuri" zangu. Jaji akaingia, akanitazama, akauliza, "Mama, hujambo leo?"

Na mimi nikajibu! "Sijambo kabisa Mheshimiwa, nzuri sana, namshukuru Mungu!"

Wakili wangu akajishika kichwa. Yule wa bima akatabasamu mpaka magego. "Mheshimiwa, umesikia mwenyewe."

Jaji akasema, "Mama, nyanyua mkono." Ukaishia hapa, kiunoni. "Sasa kwa nini unasema uko vizuri?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, si umenisalimia? Salamu inajibiwa kwanza, shida inakuja nyuma. Siku mama yangu alipofariki kule Tanga, kaka yangu alinipigia. Nikamuuliza, habari za huko? Akasema nzuri. Wazima wote? Wazima. Watoto? Hawajambo. Ndiyo akaniambia, dada, mama ametutoka."

Yule mkalimani haruhusiwi kusema lake, lakini alipofika kwenye "ametutoka" sauti ilimgoma, akafuta macho, akaanza upya. Jaji akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akafungua karatasi za daktari akazisoma moja moja.

Haikupita wiki mbili, barua. Malipo yanaendelea, na bega likapasuliwe! Nilipiga kigelegele, mtu wa Burnsville, mji mwingine kabisa, akapiga simu kuuliza nani anaolewa. Sasa tazameni. Huu hapa, juu! Nikinyoosha zaidi nabadilisha balbu ya ukumbi huu bila ngazi. Na kazini nimerudi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa miwani, na wakili, na ninyi mlioleta vyakula mpaka nikanenepa hivi. Na mume wangu, kwa zile nywele, nimeshamsamehe.

Ninachowaomba: ukiumia kazini sema siku hiyo hiyo, hata kama kosa lako. Na daktari au bima akikuuliza hali, anza na panapouma.

Kuna kaka mmoja humu, mstari wa nyuma, kidole kakifunga kwa soksi. Anasema ni mlango wa gari. Kaka, gari lako liko gereji tangu mwezi uliopita, tunakupa lifti sisi. Baada ya kikao usikimbilie pilau. Njoo hapa kwangu, dada wa miwani ana kalamu.