Mafaili ya Mzee Cassien

Kwenye basi la kwenda Batsinda, mwanamume aliyekaa mbele yangu alimuuliza mama wa kando yake, mtu asiyemjua, kama anaumwa. Mama akasema hapana, ametoka kazini tu. Anaongoza chumba cha mafaili katika hospitali binafsi, na tangu Januari wanahamia kwenye kompyuta.

"Niliwaahidi wafanyakazi wangu hakuna atakayeachwa," alisema. "Kila mchana nilimfundisha Mzee Cassien, mpanga mafaili wetu wa siku nyingi, polepole, bila kumgombeza. Yeye anatabasamu tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Wakubwa wakanisifu kwa uvumilivu."

"Sasa shida iko wapi?"

"Leo ilikuwa siku ya mtihani. Alikaa mbele ya kompyuta mpaka muda ukaisha. Halafu akaniambia taratibu kwamba hajui kusoma. Anajua namba na rangi tu. Kwa miaka kumi na tisa hizo zilimtosha, hakuwahi kupoteza faili."

"Angesema, mama. Wewe ungejuaje?"

"Ningemuuliza. Miezi mitatu nimemfundisha, sikumuuliza kitu."

"Na angekubali? Mzee mzima?"

Kioo cha dirisha kilikuwa kimejaa mvuke, lakini mama alikuwa anakitazama.

"Alikunja koti lake la kazi, akaliweka kwenye kiti. Kila siku tunaagana kwa mwirirwe, siku njema. Leo aliniambia murabeho."

Murabeho huambiwa mtu usiyetarajia kumwona kesho.

"Ungemfuata," mwanamume alisema.

"Nilikuwa na wengine wanne wanangoja mtihani."

Basi likasimama. Mwanamume akasogeza magoti, mama akapita.