Mgeni wa Miaka Kumi na Mitano

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi mliokuja hapa moja kwa moja kutoka kazini, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, yule aliyezunguka nchi nyingi na kurudi na begi lile lile aliloondoka nalo, ambaye familia imemteua si kwa hekima bali kwa sababu ana sauti kubwa na hakuwa na la kufanya, naye anaomba radhi mapema kwa mwandiko wake, maana ukurasa wa mwisho umeandikwa leo asubuhi, karatasi ikiwa gotini.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu akiwa fundi saa na mama mshonaji, na akiwa na miaka saba alifungua saa ya ukutani ya mteja bila ruhusa, akaifunga tena, ikatembea vizuri kuliko awali, ila skrubu moja ikabaki mezani, baba akaitazama, akamwambia, "Hiyo tia mfukoni, mwanangu, na mwenye saa asiione," na huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa mafunzo yake ya nyumbani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1976 hadi Novemba 1982, akamaliza sekondari mwaka 1986, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu stashahada ya umeme mwezi Juni 1990, vyeti vyake vyote vipo na vimehifadhiwa kwenye plastiki, tofauti na vya mdogo wake, ambavyo marehemu mama alizoea kuviita uvumi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha nguo, kuanzia Februari 1991, alikoanza na mitambo na kuishia kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta zilipoletwa wengine wote walikataa kuzigusa, na akiwa hapo ndipo alipotumwa kwenda kutengeneza kengele ya umeme katika shule ya jirani, akaenda mara tatu kwa kengele ile ile, na mara ya nne mwalimu mkuu akamsimamisha mlangoni na kumwambia, "Fundi, kengele imepona siku nyingi, sasa sema shida yako," naye akanyoosha kidole kuelekea darasa la chekechea, na tarehe 14 Desemba 1996 akamwoa mwalimu wa darasa hilo, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1998 na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2003.

Kiwanda kilifungwa mwishoni mwa mwaka 2008, na Jumatatu tarehe 1 Juni 2009 marehemu alisaini mkataba wa miezi mitatu na wakala wa ajira, ofisi ya chumba kimoja yenye meza mbili na viti vingi vya kusubiria, wakala akampeleka kwenye kampuni ya bima yenye jengo la ghorofa tano ili abadilishe kompyuta za zamani, akazibadilisha, mkataba ukaisha, ukaongezwa miezi mitatu, ukaongezwa tena, na hivyo hivyo hadi familia ilipohesabu juzi mikataba sitini na miwili ndani ya boksi la printa, yote ya miezi mitatu mitatu, yote ikieleza kwamba kazi hii ni ya muda.

Kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wa kampuni, kila asubuhi alisimama getini akajaza daftari la wageni, jina, anakotoka, anayekuja kumwona, muda wa kuingia, akiacha wa kutoka ujazwe jioni, kisha akavaa shingoni kitambulisho chenye neno MGENI kwa herufi nyekundu, ilhali watu wa humo walivaa cha buluu chenye picha, na kwenye safu ya anayekuja kumwona aliandika jina la meneja aliyempokea siku ya kwanza, hata meneja huyo alipohama akaendelea kumwandika kwa miaka tisa, mpaka mlinzi wa geti, ambaye wote tunamwita Afande, akamuuliza, "We Zima-Washa, huyu bosi wako si alishaondoka?" naye akajibu, "Ndiyo maana nakuja kila siku, Afande, bado sijamkuta."

Jina hilo la Zima-Washa alipewa na watu wa ghorofa ya pili, kwa sababu dawa yake ya kwanza kwa ugonjwa wowote wa kompyuta ilikuwa zima, subiri, washa, na ni yeye aliyewatembeza wafanyakazi wapya kuwaonyesha vyoo, ngazi za dharura na printa yenye kiburi, mgeni akiwakaribisha wenyeji, na kila Desemba kampuni ilipopiga picha ya pamoja ukumbini ni yeye aliyepewa kamera, hivyo picha kumi na tano zilizotundikwa ukutani kule amezipiga yeye, na hayumo hata katika moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye jembe alipewa tangu siku ya kwanza, ila ugeni haukumtoka, jambo alilolicheka mpaka mwaka 2011, binti yake alipojaza fomu ya shule na mbele ya kazi ya baba akaandika "mgeni wa kudumu," siku hiyo akacheka, akatoka nje kurekebisha bomba lisilokuwa na tatizo, na wiki hiyo hiyo akaandika barua kuomba ajira, kampuni ikamwambia amuulize wakala, wakala akamwambia aiulize kampuni, akaandika tena mwaka 2015 na mwaka 2019, akajibiwa vivyo hivyo, na mkewe alipomuuliza anaitakia nini hasa ajira hiyo, akasema, "Mama Chekechea, nataka kile kitambulisho cha buluu, siku moja tu, nipite getini bila kuandika kitu," na baada ya hapo hakulitaja tena.

Mwezi Januari 2024 aligundulika kuwa na shinikizo la damu na moyo uliopanuka, akatibiwa na kuendelea na kazi, hadi Jumatatu tarehe 14 Oktoba, ambapo aliingia getini saa moja na robo asubuhi, akapanda chumba cha seva, kwa kuwa mfumo wa bima ulikuwa umeanza kusuasua, na saa nne na dakika arobaini mhasibu wa ghorofa ya pili akamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Afande akaacha geti wazi kwa mara ya kwanza katika utumishi wake na kumteremsha kwa mgongo ghorofa nne, akafikishwa hospitali, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa tisa na dakika kumi alasiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Shemeji aliomba jambo moja tu, kwamba historia hii itaje mwajiri wa mumewe na iwashukuru wafanyakazi wenzake kwa jina hilo hilo, wafanyakazi wenzake, kama ambavyo hutajwa kwa watu wote, basi mdogo wake akampigia simu wakala, akajibiwa, "Pole sana, baba, ila sisi tunaunganisha tu," akaipigia kampuni, bwana wa utumishi akasema, "Poleni sana, lakini kwenye mfumo wetu hayumo," na alipoulizwa huo mfumo aliuweka nani, akasema, "Yeye," na kwa sababu hiyo sehemu hii ya karatasi ilibaki na mstari mtupu mpaka leo asubuhi.

Leo Jumatatu tarehe 21 Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, walifika hapa watu wa ghorofa zote tano, bila barua wala mwakilishi, na bwana wa utumishi alipowauliza wanatokaje kazini kumzika mtu asiyekuwemo, mhasibu alimjibu, "Bosi, mfumo umelala wiki nzima, na anayejua kuuamsha tunakwenda kumzika, sasa tubaki tukifanya nini?" na imeelezwa kwamba naye bwana wa utumishi yupo, amekaa kiti cha nyuma, naye anakaribishwa sana.

Nyuma yao alikuja Afande na daftari la wageni kwapani, kwa sababu kanuni ya geti ni kwamba siku haipigiwi mstari wa kufunga mpaka kila mgeni awe ameandikiwa muda wa kutoka, na ukurasa wa tarehe 14 umekaa wazi siku saba, jina la marehemu likiwa na muda wa kuingia peke yake, akamwambia shemeji, "Mama, nilimtoa mwenyewe mgongoni, mkono wangu haukuweza kumwandika mgeni, andika wewe unavyojua," shemeji akachukua kalamu, akaitazama safu ya anayekuja kumwona, lile jina la meneja wa zamani, akalikata, akaandika juu yake, "wafanyakazi wenzake," halafu akajaza muda wa kutoka, na Afande akapiga mstari wa kufunga kwa rula, kama desturi yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zile tatu bila kuchoka, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na mabega, na inawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao hawana haja ya kusimama wala kuonyesha vitambulisho, kwani mstari ule mtupu umejazwa, na mwajiri wake atabaki kujulikana na wanaohusika.

Pumzika kwa amani, kaka, kule unakokwenda getini hawaandiki, pita tu, mwenyeji.