Sultani Aliyeitwa Gama

Sogeeni wanangu. Rosalia, kaa hapa miguuni, na wewe Jeremia vuta kiti, uso wako niuone. Siku zote mmenijibu kwa Kizulu nami sikukasirika, lakini leo nisikilizeni kwa Kiswahili, maana sina pumzi ya kusema mara mbili.

Nyumba hii ya Bertrams ni ya mama yenu Lerato. Mtu asimwondoe humu, hata ninyi. Zana zangu za useremala ni za Rosalia, aliyenishikia mbao tangu mdogo. Shamba la Songea waachieni shangazi zenu wanaolilima. Limebaki joho jeusi na kilemba chake, navyo ndivyo vinavyoninyima usingizi, kwa kuwa nimesikia, Jeremia, umekubali kuvivaa.

Mwaka wa tisini na nne, mama yenu aliporudi kwao huku kusini kutoka uhamishoni Morogoro, nilimfuata. Useremala niliukosa, nikaenda kwenye mieleka kule Malvern. Mwenye ulingo akaniuliza jina, nikamwambia Luka Gama, Mngoni wa Songea. Alicheka hata akashika meza. Akasema akina Gama wamejaa mji huu, nani atamzomea Gama? Akanivika joho hilo na kilemba, akaniita Sultani, mgeni mwovu aliyekuja kuiba wake za watu. Babu zetu walitoka huku huku kusini, wakafika Songea kwa miguu. Mjukuu wao niliporudi nikafanywa mgeni. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mimi nilituzwa maganda ya machungwa.

Na shujaa wa kunipiga alikuwa nani? Octave, Mkongo wa Bukavu, kavishwa ngozi za Kizulu, kakatazwa kufungua kinywa asije akajulikana. Miaka mingi tuliangushana bila kuumizana. Nikimwinua namnong'oneza, "Kaza shingo, ndugu," naye hunijibu, "Polepole, yaya," kama Wakongo wanavyomwita mkubwa wao. Tukishuka tunakula sahani moja.

Hata jioni ile aliponiponyoka, akaanguka vibaya, akalia kwa sauti, tena kwa Kiswahili, "Mama yangu, nakufa!" Ukumbi mzima ukasikia. Kisha mtu akasema kumbe huyu naye ni kwerekwere, mgeni kama mwenzake, na wengine wakaanza kuinuka vitini. Niliyaona macho yake, Jeremia. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayejiuliza atafikaje kwake akiwa hai. Akanibamiza kwa kweli, akanishukia na goti, mbavu zikaingia ndani. Watu wakashangilia, wakamwamini tena. Tangu hapo sijavuta pumzi ikajaa.

Sasa wataka kuvaa joho ili umpate Octave ulingoni umvunje, watu wadhani ni mchezo. Hasira hasara, mwanangu. Ukimvunja, hakuna hata mmoja ukumbini atakayejua kuwa mwana wa Luka amelipa kisasi cha baba yake. Watamwona Sultani tu, yule yule waliyemzomea, na watasema hawakukosea. Sikukatazi mieleka, mabega unayo. Panda, lakini panda ukiitwa Gama, na akicheka mwenye ulingo, mwache acheke mpaka achoke. Joho hilo kitambaa chake ni kizuri, Rosalia. Likate, ushone pazia la jikoni.

Octave nimemsamehe. Asiulizwe, asisimangwe. Siku ya kunizika ashike jeneza mbele upande mmoja, na wewe Jeremia upande wa pili, mlingane mabega.

Mungu awape riziki isiyo na fedheha. Awape majirani watakaowajua kwa majina. Awape watoto... Rosalia, niinue kidogo. Hapo.

Octave yuko nje. Nimesikia kikohozi chake getini tangu alasiri, na mama yenu hathubutu kumkaribisha, anakuogopa wewe, Jeremia. Rosalia nimekwisha kumbariki. Wewe bado... nenda kwanza kamfungulie. Usimweleze kitu. Mshike mkono, umlete hapa... na umwite baba mdogo. Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu... nataka nisikie ukimwita.