Mabati ya Madrasa

Mabati ya rangi ya kuezekea madrasa ya Faza yalilazwa juu ya boriti katikati ya boti, na Bi Barka akiyalinda kama alindwavyo bi harusi.

"Mama, yashushe sakafuni niweke kreti zangu za soda," akasema Kariuki, mfanyabiashara.

"Sakafuni mna maji ya chumvi, Bwana. Kutu haibishi hodi."

"Basi niziweke juu yake."

"Zikwaruze rangi, mvua ije iwasomeshe wana wetu?"

Abiria wakageuka kutazama mikoko, ambayo haikuwa na habari mpya.

Boti ilipofunga gatini, Kariuki, aliyezibiwa njia na mabati, akashika bati la juu aliburute.

"Kwenu jeneza huburutwa?" Bi Barka akamkemea.

"Hubebwa! Lakini hili si maiti!"

"Basi usiliue."

Bi Barka akainua ncha moja ya bati hadi begani, akamngoja Kariuki ashike ya pili.