Chumba Kilichofungwa kwa Turubai

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa maturubai ya malori. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Sindano. Kabla hajafariki, mtaani palikuwa na uvumi. Watu walisema, "Nyumba ya Mama Sindano inapumua."

Binti yake alipousikia, alicheka. Kisha ukamganda. Kila alipokwenda kazini alimwachia mama yake mtoto, na mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anaota meno. Nani amwache mwanawe katika nyumba inayopumua?

Kilichopumua ni turubai. Mama Sindano hakutupa kipande. Mabaki ya karakana aliyabeba kichwani mpaka nyumbani. Kipande hiki mfuko wa sokoni, kile aproni, kingine cha kutandika chini ya mtoto kitanda kisilowe. Vikubwa aliviunga, akavipigilia kwenye kuta za mbao, kwa ndani. Upepo ukipenya kwenye nyufa, kuta zinavimba. Ukitulia, zinanywea. Taratibu. Kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama, mimi naogopa."

"Unaogopa turubai? Si ndilo lililokulisha, wewe!"

"Majirani wanasema umefuga jini."

"Basi waambie halilipi kodi."

Alicheka, lakini binti aliona maneno yamemchoma. Mvua zilipoanza, Mama Sindano aliamua kuzinyamazisha kuta. Akaongeza tabaka la pili. Akalipaka nta. Akaziba nyufa zote, dirisha, hata chini ya mlango. Sikilizeni hapa, wapendwa: alifunga chumba kama anavyofunga lori. Maji hayaingii, upepo hauingii. Lakini ndani ya lori kuna mzigo, na mzigo hauvuti pumzi.

Siku ile mvua ilianza asubuhi. Nta ilikuwa bado mbichi. Mama Sindano akaingiza jiko la mkaa, nta ikauke na mjukuu apate joto.

Binti alirudi mchana. Akasimama nje, akasikiliza. Kuta kimya.

"Nilishukuru Mungu," anasema. "Nikajua sasa mama kaniondolea hofu. Nikaita, 'Mama, nimerudi.' Hakuitika."

Akainama. Chini ya mlango, turubai lilikuwa limepasuliwa kwa ndani. Kwenye mpasuko ule ilichungulia pua ndogo. Mtoto alikuwa hai.

Nyuma yake alilala bibi, mkasi mkononi, mkono wa pili umeshika kisogo cha mjukuu. Hewa yenye sumu ya mkaa ilikuwa imemmaliza nguvu za miguu, hakuweza kusimama afungue mlango. Alipasua tundu moja tu, akamwachia mtoto.

Kwa binti yake, ndugu, na mafundi wenzake wa karakana: poleni sana. Mama Sindano apumzike kwa amani. Nasi tuliobaki, kila mmoja akizima redio yake atazame chumba anacholala wanawe.

Usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Usizibe dirisha na chini ya mlango kwa sababu ya baridi.

Usikaushe nta wala rangi ndani ya chumba chenye mtu.

Usimlaze mtoto kando ya jiko.

Kichwa kikiwa kizito na mkaa unawaka, usijilaze. Mbebe mtoto, toka nje.

Usingoje umalize kazi kwanza.